Kitanda Lari Themanini

Ramani tumeitandaza mezani juu ya makombo ya mkate.
Pembe moja imeshikwa na kopo la chumvi,
nyingine na kiwiko cha Dachi, mwenye miaka tisa,
ambaye tayari ameshajaza begi lake
soksi tupu.
Ni Machi. Hapa Rustavi barabara zimekauka,
lakini kule juu, kwenye njia ya Abano,
theluji ingali imekaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Hadi Juni hapandi mtu.
Oktoba mlango unafungwa tena.

Ucha anapiga hesabu nyuma ya bili ya gesi:
mafuta, mikate, dereva wa kukodi
(gari letu, asema, barabara ile italitafuna
na kutema kokwa bondeni),
vitanda vinne mara siku nne.
Huandika kwa penseli, apate kujidanganya baadaye.
Mwaka jana tulikwamishwa na giaboksi,
mwaka juzi na mtihani wa Lile,
mwaka wa kabla ya hapo sikumbuki,
nadhani tulikuwa tumenuniana.
Mipango si matumizi, husema watu.
Kwetu sisi ndiyo matumizi:
safari hii tumeshaila mara tatu, kwa chai.

Lile anauliza kama kule kuna mtandao.
“Kuna tai,” babaye anajibu.
“Tai hawachaji simu.”
Mimi naandika orodha: makoti ya mvua,
dawa ya kichefuchefu, betri, sabuni,
viatu vya Dachi, maana vya zamani vimemkataa.

Mavyaa wangu, Pikria, hajasema neno.
Yuko dirishani, anabangua jozi,
nyuma yake dohani za kiwanda cha chuma.
Hatumo naye katika vile vitanda vinne.
Tangu mwanzo alisema atabaki na paka.

Lile amepata nyumba ya wageni.
*Kitanda lari themanini, kifungua kinywa kimo.*
Picha: mablanketi mekundu, kidirisha chembamba,
boriti nyeusi yenye tundu.
Simu inazunguka meza, inafika dirishani.
Pikria anafuta vidole, anaisogeza mbali, anaivuta karibu.
“Hapa,” anasema, “baba alitundika kiriba cha jibini.”

Penseli ya Ucha inasimama.
“Mama, boriti nyingi zina matundu.”
“Zinayo. Hili alilichoma kaka yangu
kwa chuma cha moto, akachapwa kabla hajamaliza.
Huoni limekwenda mshazari?”

Tunaangalia. Limekwenda mshazari.

Paka peke yake ndiye anayetembea.
Kisha mama mtu anarudi kwenye jozi zake:
“Hebu muulizeni huyo mwenye nyumba
kama ana bei ya mtu aliyezaliwa humo.”
Lile anaandika, vidole vyake havijawahi kuwa vizito hivyo.
Mwenye nyumba aitwa Irodi, na ana haraka ya muuza duka:
*Watoto chini ya miaka sita, bure.*

Bibi anacheka hadi maganda yanamwagika sakafuni.
“Basi sidaiwi! Nilishushwa bondeni nina mitano,
juu ya farasi, nimefungwa ndani ya gunia la sufu,
kichwa nje kama kitunguu.”
Anacheka tena, kidogo, peke yake,
na sisi hatujui tutazame wapi.

Ucha anafuta nne, anaandika tano,
anajumlisha, anakuna shingo, anaiacha tano palepale.
Pikria ananinyang’anya kalamu
na kuongeza kwenye orodha yangu,
kwa herufi zake zinazoegemea upepo:
*chumvi, kilo mbili.*
“Ya nini, mama?”
“Ya kondoo.”
“Lakini hatuna kondoo.”
“Ninyi hamna.”

Hakuna anayebisha.
Dachi amefungua begi lake,
anatoa jozi moja ya soksi,
anatazama nafasi iliyobaki,
anatoa nyingine.